DHAMANA SI FADHILA: TUIDAI KWA MAANDISHI NA KWA PAMOJA

Ndugu wafanyakazi,

Zamani mfanyakazi wa shamba au wa kiwanda akitaja gari alikuwa anataja gari la meneja. Siku hizi sivyo. Katika matawi yetu ya mashamba ya chai na viwanda vya sukari hapa Uganda wamo wenzetu wengi walionunua pikipiki mpya kwa mkopo, wapate kubeba abiria baada ya zamu na kuongeza kipato cha nyumbani. Vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi navyo vimeanza kununua pikapu za kupelekea mazao sokoni. Hayo ni maendeleo yaliyotokana na jasho letu wenyewe, wala hatukupewa na mtu.

Pamoja na maendeleo hayo limekuja tatizo ambalo sasa linatajwa katika mikutano ya matawi karibu sawa na suala la mishahara. Chombo kipya kinaharibika kikiwa bado katika muda wa dhamana. Mwenye chombo anakipeleka kwenye karakana ya kampuni iliyomuuzia. Huko anaambiwa asubiri, kesho anaambiwa arudi wiki ijayo, na mwisho anaambiwa kosa ni lake na alipe. Wakati huo wote mkopo haulali. Kila wiki unadai malipo yake, chombo kikiwa barabarani au kikiwa kimefungiwa karakana. Wako wenzetu waliofika mahali pa kunyang'anywa pikipiki na mkopeshaji kwa sababu ya ubovu ambao kampuni ilipaswa kuutengeneza bure.

Sisi katika chama tuna msimamo juu ya jambo hili, na tunauweka wazi. Dhamana si fadhila ya kampuni. Ni sehemu ya bei tuliyolipa, nayo ni mkataba kama ulivyo mkataba wa kazi. Na kama ulivyo mkataba wa kazi, haujitekelezi wenyewe. Hutekelezwa na watu walio na maandishi mkononi na wenzao nyuma yao.

KARATASI YENYEWE INASEMA NINI

Hapana budi tuanze na karatasi, maana wengi wetu huiweka chini ya godoro bila kuisoma. Si uvivu. Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mchanga, na mfanyakazi hupewa siku ya furaha, funguo zikiwa mkononi.

Jambo la kwanza ni muda. Dhamana nyingi hupimwa kwa vipimo viwili, miezi na kilomita, na kinachotangulia kufika ndicho kinachoifunga. Muuzaji husema kwa sauti kubwa ile miezi, na zile kilomita huzipitia kwa haraka. Tuchukue mfano. Tuseme karatasi inasema miaka 2 au kilomita 30,000. Pikipiki ya abiria inayotembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inafanya kilomita 3,120 kila mwezi. Kabla mwezi wa 10 haujaisha, dhamana imekwisha. Ile miaka 2 ilikuwa ya mtu anayepanda pikipiki kwenda kanisani siku ya Jumapili. Ya mtu wa kazi ni miezi 9 na ushei. Kila mmoja na afanye hesabu hii kabla ya kutia sahihi, na aulize pia kama dhamana inakubali kazi ya biashara, kwa sababu ziko karatasi zinazoikataa au kuipunguzia muda.

Jambo la pili ni vitu visivyohesabiwa. Matairi, breki, balbu, klachi, cheni, chujio na oili kwa kawaida havimo, kwa sababu huisha kwa kutumika. Dhamana inahusu ubovu wa kuundwa, yaani chuma kibaya, kifaa kilichofungwa vibaya kiwandani, injini inayovuja wakati haijafika umri wa kuvuja. Anayedai tairi bure anajichosha, tena anaharibu jina la wenzake wenye madai ya haki.

Jambo la tatu ni sevisi. Karatasi husema chombo kifanyiwe sevisi kila baada ya kilomita kadhaa, na kila sevisi iandikwe. Hapa ndipo wengi wanapoangushwa. Amebadilisha oili kwa wakati, lakini kwa fundi wa barabarani asiyetoa risiti. Siku ya ubishi hana cha kuonyesha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na pikipiki ni mali.

KWA NINI KARAKANA HAIPENDI KAZI YA DHAMANA

Ndugu, tukitaka kushinda ubishi lazima tujue upande wa pili unaishi vipi. Wengi hudhani kijana wa mapokezi ana chuki, au fundi anataka hongo. Penye hongo tuiseme na kuishitaki. Lakini mara nyingi sababu iko katika fedha, tena juu ya kichwa cha fundi.

Mteja anapolipa mwenyewe, kampuni inapata faida katika spea na katika kazi. Kazi ikiwa ya dhamana, mteja halipi. Kampuni iliyouza inapaswa kuandika madai na kuyapeleka kwa kiwanda kilichounda chombo, au kwa mwakilishi wake. Inataja namba ya injini, kilomita, ubovu, kifaa kilichobadilishwa na saa za kazi. Kifaa kibovu hutunzwa ili kikaguliwe. Kiwanda kikiona maandishi yamepungua, kinaweza kukataa kulipa, na hasara inabaki kwa kampuni. Kwa hiyo kampuni inamwogopa yule wa juu, na woga wake inaumalizia kwa mteja. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na nyasi ndio sisi.

Fundi naye yuko wapi? Tutazame Marekani, ambako jambo hili lilijitokeza mpaka likawa mgomo. Katika karakana nyingi za huko fundi halipwi kwa saa alizokaa kazini. Kila kazi imepangiwa saa zake kitabuni. Kitabu kikisema saa 2, analipwa saa 2, hata kama imemchukua 4. Sisi tunaochuma chai kwa kilo na kukata miwa kwa kipande tunaielewa kazi ya namna hiyo bila kufundishwa. Sasa, kwa kazi ileile moja, kiwanda kilichounda gari hupanga saa chache ikiwa ni ya dhamana kuliko zile anazotozwa mteja anayelipa mwenyewe. Fundi anaumia mgongo uleule, bolti ni zilezile, lakini mfukoni kunaingia pungufu. Ni kama mizani mbili katika shamba moja, na mchumaji akajua kuwa siku fulani kikapu chake kitapimwa kwenye ile mbovu.

Tarehe 1 Agosti 2017 mafundi karibu 2,000 wa eneo la Chicago, wanachama wa Local 701 ya chama cha International Association of Machinists, waligoma katika makampuni zaidi ya 100 yanayouza magari mapya. Mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa idadi ya saa ambazo fundi ana uhakika wa kulipwa kila wiki, kazi ikiwa nyingi au ikiwa chache. Walikaa nje kwa wiki kadhaa. Baadaye, mwaka 2021, jimbo lao la Illinois lilipitisha sheria inayovitaka viwanda vya magari vilipie kazi ya dhamana kwa kipimo cha saa kinacholingana na cha mteja anayelipa mwenyewe. Sheria hiyo ilianza kutumika Januari 2022.

Somo lake kwetu ni nini? Hapa kwetu mafundi wengi wa karakana hulipwa kwa mwezi, si kwa kitabu cha saa. Lakini shina ni moja. Kazi ya dhamana haiingizi fedha kama kazi nyingine, kwa hiyo msimamizi huisukuma nyuma ya foleni, na fundi anayeikubali haraka huulizwa kwa nini. Yule kijana mwenye ovaroli anayekuambia urudi Jumatatu ni mfanyakazi kama wewe, naye ametumwa. Kumtukana yeye ni sawa na kumtukana karani wa mizani kwa bei ya chai iliyopangwa na wakubwa. Twende kwa heshima kwa fundi, lakini madai yetu tuyapeleke juu, kwa aliyetia sahihi karatasi.

YALIYOTOKEA KATIKA TAWI MOJA

Katika tawi letu moja la kiwanda wenzetu 9 walinunua pikipiki za aina moja, kwa muuzaji mmoja, katika muda wa miezi miwili. Hazijafika nusu mwaka, injini zikaanza kuvuja oili mahali pamoja na kutoa sauti ya kugonga. Kila mtu alikwenda karakana peke yake, siku yake ya mapumziko. Mmoja akaambiwa amebeba mizigo kupita kiasi. Wa pili akaambiwa ametumia oili mbaya. Wa tatu akaambiwa ameikosa sevisi ya kwanza. Wa nne akaambiwa hakuna ubovu wowote, ndiyo sauti ya kawaida, aendelee tu. Kila mmoja alirudi nyumbani akiamini kuwa shida ni yake pekee.

Jambo lilipofika kwenye mkutano wa tawi, katibu aliwaomba walete karatasi zote. Zikapangwa juu ya meza moja. Hapo kila mtu akaona kwa macho yake: ubovu mmoja, sababu nne. Tuliandika barua moja yenye majina 9, namba 9 za injini, tarehe na kilomita za kila pikipiki, na nakala za kadi za karakana. Hatukutumia neno baya hata moja. Tuliomba kampuni itueleze kwa maandishi, kwa kila pikipiki, ni sharti gani la dhamana lililovunjwa. Wajumbe 2 wa tawi waliipeleka kwa meneja, si kwa mapokezi, na wakarudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Majibu yalichukua wiki 5. Pikipiki 6 zilitengenezwa bila malipo. Wenye 2 walikubaliana kulipia kazi na kupewa spea bure, kwa kuwa sevisi zao zilichelewa. Mmoja alikataliwa kabisa. Hakuwa na risiti hata moja, na kadi yake ya sevisi ilikuwa tupu. Tulimpigania, hatukufika. Tunayasema haya ili mtu asidhani kuwa umoja unaweza kujaza karatasi ambayo mwenyewe hakuijaza.

MAMBO YA KUFANYA

Tunawashauri wanachama wote wenye vyombo vipya, na matawi yote, kama ifuatavyo.

1. Kabla ya kununua, omba karatasi ya dhamana usomewe na mtu unayemwamini. Ahadi ya mdomo ya muuzaji iandikwe kwenye risiti. Isiyoandikwa haipo.

2. Weka daftari moja la chombo. Andika kila sevisi, tarehe, kilomita, oili iliyotumika, na ubandike risiti.

3. Ukiona ubovu, peleka mapema. Usingoje mshahara wala usingoje uzidi. Chombo kinachoendeshwa kikiwa kibovu huharibu na vingine, na kampuni ikisema ubovu mkubwa umeletwa na uzembe wako, itakuwa na hoja.

4. Karakana, usikubali kuacha chombo bila kadi ya kazi. Kadi iwe na tarehe, kilomita, na malalamiko yako kwa maneno yako. Usiseme injini mbovu. Sema injini inavuja oili upande wa kushoto ikishapata moto. Dai lililoandikwa dhamana ikiwa hai lina nguvu hata kama matengenezo yatafanyika baada ya muda kupita.

5. Wakisema hawakuona ubovu, waandike hivyo kwenye kadi, na uichukue nakala. Kadi tatu za ubovu mmoja ni ushahidi kuliko makelele ya siku tatu.

6. Wakikataa, waulize kwa upole: ni sharti gani la dhamana linalonikataa? Naomba kwa maandishi. Wengi hulegea hapo, kwa sababu ni rahisi kusema neno kuliko kulitilia sahihi.

7. Usitie sahihi gharama yoyote ya kufungua injini au kupima kabla hujaambiwa nani atalipa ikionekana ubovu ni wa kiwanda.

8. Kifaa kikibadilishwa, omba ukione cha zamani. Ikiwa lazima kirudi kiwandani, iandikwe hivyo.

9. Mjulishe mkopeshaji kwa barua kuwa chombo kiko karakana, tangu lini na kwa nini. Hatapunguza deni lake kwa huruma, lakini barua iliyotangulia husaidia kuomba muda. Anayenyamaza na kukosa malipo huonekana mkimbizi.

10. Katibu wa tawi aweke orodha ya vyombo vya wanachama kwa aina, muuzaji na ubovu. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa jambo la mtu mmoja kumbe ni la wengi.

SHERIA NAYO IPO

Kampuni ikishupaa, tusidhani njia imefungwa. Hapa Uganda Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaoridhisha na kinachofaa kwa kazi yake. Wajibu huo ni wa muuzaji mwenyewe, nje ya karatasi ya kiwanda. Kwa hiyo muuzaji akisema nenda kawaulize waliounda, mjibu kuwa fedha ulimpa yeye.

Tena kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011. Unahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10, yakiwemo ya bidhaa zilizouzwa, na mdai husimama mwenyewe bila wakili. Kwanza umpelekee unayemdai barua ya madai. Akipuuza, nenda kwa karani wa mahakama. Bei ya pikipiki ya kawaida ya kazi iko ndani ya kiasi hicho. Pikapu ya chama haimo, lakini gharama ya matengenezo iliyolipwa isivyo haki inaweza kuwamo.

Wenzetu walio Kenya wana Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na wana Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ya Kenya. Walio Tanzania wanaweza kupeleka malalamiko yao kwa Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Kila mmoja na atumie mlango wa kwao.

JE, HII NI KAZI YA CHAMA?

Wako watakaosema chama kishughulikie mishahara na nyumba za kambi, mambo ya pikipiki mtu ajitegemee. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Shilingi tuliyoipigania miezi mingi mezani na mwajiri, ikichukuliwa karakana kwa asubuhi moja, imekwenda ileile. Mfanyakazi hana mifuko miwili, mmoja wa kazini na mwingine wa dukani.

Tena liko jambo kubwa zaidi. Wanachama 30 wanaotaka kununua pikipiki, wakienda mmoja mmoja, watapewa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Wakienda pamoja kupitia chama chao cha akiba, wanaweza kusema: tutanunua 30, lakini dhamana ikubali kazi ya abiria, kilomita ziongezwe, na fundi wa kampuni aje kambini mara moja kwa mwezi kufanya sevisi, ili mtu asipoteze siku ya kazi kwenda mjini. Muuzaji anayeona fedha za pikipiki 30 huwa na masikio. Hayo ndiyo majadiliano ya pamoja, silaha yetu ya siku zote, ila tumeipeleka mahali pengine.

Na mafundi wa karakana tusiwasahau. Karakana nyingi tulizozitembelea hazina tawi la chama chochote. Fundi asiye na chama hawezi kuandika kwenye kadi ukweli usiompendeza msimamizi. Akiwa na chama nyuma yake, anaweza kuandika: kifaa kimevunjika kwa ubovu wa kuundwa. Mstari huo mmoja wa fundi huru una thamani kwetu kuliko barua kumi za malalamiko. Kwa hiyo tukienda karakana twende na kadi ya sevisi mkono mmoja, na fomu ya kujiunga na chama mkono wa pili.

Tunaomba kila tawi liliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, karatasi za dhamana zisomwe kwa sauti na kutafsiriwa kwa lugha inayoeleweka, na orodha ya vyombo ianzishwe siku hiyohiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.